Kanisa lenu mnataka kwenda kuona miradi ya maji vijijini Dodoma? Fanyeni hivi

Kila kiangazi utasikia matangazo kanisani, umoja wa vijana au akina mama wanachangishana waende kijijini kuona kisima kilichochimbwa kwa sadaka, na mara nyingi kwenye msafara kuna wageni wa dayosisi rafiki kutoka Ujerumani au Marekani. Jambo jema kabisa, ila safari nyingi zinaishia kwenye ngoma, hotuba, pilau na picha ya mtu anafungua koki, alafu kosta inageuza, na njiani ukiuliza ule mradi unaendeshwaje hakuna anayejua. Sasa haya maelezo ni ya wale wanaotaka kurudi na jibu la swali moja tu: yale maji mwakani yatakuwepo?

Tuanze na muda. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na yenyewe ya kusuasua. Mkienda Machi mtadanganyika, lambo limejaa, korongo linatiririka, kila nyumba ina maji, na kosta yenu itakwama tope mshuke kusukuma na vitenge vya sare. Nendeni kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati watu wasio na kisima wanafukua mchanga korongoni na punda wanapishana na madumu barabarani. Hapo ndo utajua kisima kinahimili au hakihimili. Na mfike asubuhi na mapema, saa moja muwe mpo, maana mkifika saa sita akina mama washachota zamani wapo kwenye shughuli zao na mtakuta wazee waliopangwa kuwapokea basi.

Ruhusa msiidharau. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, yani wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, kwa sababu maji ya vijijini yako chini yao tangu Julai 2019, ile Sheria ya Huduma za Maji Na. 5 ya 2019, siyo DUWASA, mamlaka ya maji ya mjini Dodoma, kama wengi wa mjini tunavyodhani. Mkifika kijijini anzieni ofisi ya kijiji, mtendaji na mwenyekiti, sainini kitabu cha wageni, ndo muende kwa mwinjilisti wenu. Makanisa yanapenda kukata kona hapa, kosta inaenda kusimama kanisani moja kwa moja na mwenyekiti anakuja kusikia ujio wenu kwa watoto, na mkiwa na wageni wa nje ndo kabisa mtaulizwa maswali. Kwa Wagogo salamu ni "mbukwenyi" kama mnasalimia wengi, wafundisheni wageni hiyo njiani, inafungua milango kuliko hotuba.

Pale kwenye maji jigaweni makundi mawili. Kundi la kwanza, wachache tu na mtu mmoja anayejua mahesabu, wakae na jumuiya ya watumiaji maji, wenyewe utasikia wanaita CBWSO. Ulizeni kwa upole, msiwe kama wakaguzi: ndoo ya lita 20 bei gani, nani anakusanya, akaunti ina shilingi ngapi, mara ya mwisho pampu ilikufa lini na ilikaa siku ngapi, fundi alitoka wapi, spea zilinunuliwa wapi. Mwambieni katibu aonyeshe daftari. Jumuiya iliyo hai inalitoa daftari bila jasho, hata kama limechakaa na lina mafuta ya taa. Ukiambiwa daftari liko kwa mhazini na mhazini kasafiri, wewe andika hivyo hivyo ulivyoambiwa.

Kundi la pili, na hapa wawe wanawake zaidi, waende foleni. Wasiikate wala kuisimamisha ili wapige picha, wachukue dumu wapange mstari kama wengine na wapige stori. Hapo ndo mambo yenyewe yanapatikana. Mama, umetoka nyumbani saa ngapi? Siku isipokuwa na hela unafanyaje? Na swali ambalo binafsi naliona kubwa kuliko yote: ya kunywa mnachota wapi? Maana huku kwetu, Bahi hasa, visima vingi maji ni ya chumvi, unakuta bomba linatoka vizuri kabisa watu wanafulia na kunyweshea mifugo, alafu ya kunywa na ya chai mama anaenda kuchota korongoni kama zamani, na kwenye ripoti kijiji kinahesabiwa kina maji safi. Onjeni wenyewe, tone moja kwenye ulimi linatosha.

Kipimo mnacho cha kulinganishia. Sera ya Maji ya 2002 ilipotoka ilisema kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kituo kisiwe mbali zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Vijana wenye simu wapime umbali kwa mguu hadi nyumba ya mwisho, washike na dakika za dumu moja kujaa. Kama pampu ni ya sola ulizeni siku za mawingu tenki linatosha hadi saa ngapi.

Kongwa ulizieni pia vikope, yani trakoma, ugonjwa wa macho uliofanyiwa utafiti miaka mingi kule, mtoto akinawa uso vizuri kila siku hatari inapungua na kunawa kunataka maji karibu.

Mkienda Kondoa au Chemba kumbukeni wenyeji wengi ni Waislamu. Kisima siyo uwanja wa mkutano wa injili, msisimamishe spika pale. Kama sadaka yenu ndo ilichimba basi maji ni ya wote, na msipange ziara Ijumaa mchana alafu mkamlaumu mwendesha pampu kuwa hayupo.

Hela sasa. Msigawe mkononi, hata elfu mbili mbili kwa watoto, kijiji kitabaki na ugomvi. Mkitaka kuchangia ulizeni jumuiya wanahitaji spea gani, lipeni kwenye akaunti yao na mchukue risiti mbele ya mtendaji. Na asiwepo mtu wa kusimama kuahidi kisima cha pili kwa mhemko, hata kama ni askofu. Picha ombeni, watoto wanaoga pale msiwapige, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwahiyo sura ya mtu siyo ya kurusha tu.

Kabla ya kuondoka chukueni namba ya katibu na ya fundi, mpeni mtu mmoja jukumu la kupiga simu kila baada ya miezi mitatu aulize kama pampu inafanya kazi na daftari limeandikwa. Ripoti ya Jumapili iwe fupi, dakika kumi, muanze na picha ya daftari na majibu ya akina mama wa foleni, za ngoma zifuate kama muda utabaki.