Somo: Kumwogesha mbwa dawa ya viroboto bila kumlisha sumu

Mbwa hajikaushi kwa taulo, hujikausha kwa ulimi. Kwa hiyo kuoga kukiisha, hatari ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya 1. Jua ulichoshika. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo zinazouzwa maduka ya pembejeo zina sumu za kuulia wadudu ziitwazo amitrazi au saipemethrini. Lebo iwe imemtaja mbwa, na kipimo chake. Ukipimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, rudisha, hata muuzaji akiapa kuwa jirani yako anaitumia. Amitrazi usimpake mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4, wala mbwa mwenye kisukari.

Hatua ya 2. Pima kwa sirinji. Kizibo si kipimo: kikibeba mililita 10 pale lebo ilipotaka 2, umezidisha mara 5.

Hatua ya 3. Vaa glavu, mwogeshee nje. Mwenye vidonda asubiri vipone. Kichwani tumia kitambaa, ukiepuka macho na mdomo.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huharibu. Mshike kamba, zunguka naye kivulini mpaka manyoya yakauke kabisa, mbali na mbwa wengine, paka na watoto. Karai lisibaki na maji hata dakika moja, maana mbwa mwenye kiu hachagui. Usiyamwage mtoni wala bwawani. Saipemethrini huua samaki.

Hatua ya 5. Viroboto wakirudi baada ya siku chache, usikimbilie kuongeza dawa. Mayai na viluwiluwi wao wako kwenye matandiko na nyufa za sakafu. Fua kwa maji ya moto, anika juani, fagia kila kona.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wangu kaogeshwa asubuhi, sasa anasinzia na kuyumba. Nimpe maziwa?

Hapana, dada. Maziwa hayaondoi sumu, na usimtapishe: mafuta yaliyomo kwenye dawa yanaweza kuingia mapafuni. Kama bado anameza vizuri na hana degedege, vaa glavu, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, suuza, mkaushe na umfunike asipoe. Nenda kwa daktari wa mifugo leo hii, na chupa mkononi. Atropini, dawa ya kupambana na sumu, humwokoa mbwa aliyedhuriwa na oganofosfeti, kundi jingine la sumu za wadudu, lakini kwa amitrazi haifai. Bila lebo daktari anabahatisha. Anayetokwa udenda, kutetemeka au kukakamaa usipoteze muda kumwosha, mkimbize.

Paka wangu hulala na mbwa. Kuna shida?

Ipo, tena kubwa. Ini la paka halimudu kuvunja pemethrini, ndugu ya saipemethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za matone za mbwa. Watenganishe mpaka dawa ikauke kwa muda uliotajwa kwenye lebo, na kamwe usimpake paka dawa ya mbwa, hata tone.

Watoto wa mbwa wa wiki 6 wamejaa viroboto, na mama yao ananyonyesha.

Wasipate dawa ya josho kabisa. Waoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, chana kwa chanuo la meno ya karibu, na kila mara lichovye kwenye maji ya sabuni ili viroboto wazame. Wakaushe haraka, wadogo hupoa upesi. Mama naye asipakwe kitu mpaka daktari aseme, maana watoto wananyonya palepale utakapopaka. Ufizi wao ukiwa mweupe, wamepungukiwa damu. Hao wapeleke leo, kaka.