Namna ya Kukadiria Akili ya Bigfoot kwa Kuilinganisha na ya Binadamu

Wanafunzi wangu hapa Dar es Salaam, wakishatazama kwenye simu ile filamu fupi iliyopigwa Bluff Creek, California, Oktoba 1967, inayodaiwa kumwonyesha Bigfoot, kiumbe mwenye manyoya na umbo kama la mtu anayesimuliwa kuishi katika misitu ya Amerika Kaskazini, huniuliza kama kiumbe huyo, endapo yupo, anatukaribia kwa akili. Swali hilo linastahili kujibiwa kwa makini, ingawa hadi leo hakuna mwili, mfupa wala jino la Bigfoot lililothibitishwa na wanasayansi. Kinachoweza kupimwa ni masimulizi yanayomhusu, na vipimo vizuri vya kuyapimia vinapatikana katika ardhi yetu wenyewe.

Kabla ya kupima, chuja ushahidi ulio nao. Nyayo zilizolipa jina la Bigfoot umaarufu mwaka 1958, huko huko Bluff Creek, zilidaiwa na familia ya Ray Wallace, baada ya kifo chake mwaka 2002, kuwa zilitengenezwa kwa miguu ya mbao. Nywele zilizopimwa vinasaba na kutolewa taarifa mwaka 2014 zilikuwa za wanyama wanaojulikana, wakiwemo dubu, farasi na ng'ombe. Alama ya namna hiyo isiingie katika hesabu yako.

Kisha tenganisha kutembea kwa miguu miwili na akili, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza. Nyayo za kale za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa katika miaka ya 1970, zina umri wa takriban miaka milioni 3.6: kisigino kimezama, na kidole gumba kimelala sambamba na vingine, kama unyayo wa mtu aliyepita Coco Beach alfajiri. Hata hivyo, viumbe wanaodhaniwa kuziacha walikuwa na ubongo uliozidi kidogo tu ule wa sokwe mtu. Kwa hiyo anayesema Bigfoot ni mwerevu kwa kuwa anatembea wima bado hajasema lolote kuhusu akili yake.

Hatua inayofuata mimi huifanya mezani, kwa chupa za maji. Ubongo wa sokwe mtu una ujazo wa takriban mililita 400. Wa gorila hukaribia 500, yaani chupa ndogo ya nusu lita. Na wa Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye Mary Leakey aligundua fuvu lake Olduvai mwaka 1959, ni takriban 530. Wetu ni takriban 1,350, yaani chupa ya lita moja na nusu iliyopungukiwa kidogo. Mwanafunzi akizishika chupa hizo, moja kila mkono, huelewa tofauti hiyo upesi kuliko ninapoiandika ubaoni. Lakini usiishie kwenye ujazo. Tembo ana ubongo wa takriban kilo 5, mara tatu na zaidi ya wetu, kwa kuwa mwili mkubwa una ubongo mkubwa. Na Bigfoot, anayesimuliwa kuwa na urefu unaozidi mita 2, angeweza kuwa na fuvu pana bila kutuzidi kwa fikra.

Hoja inayotolewa mara nyingi zaidi ni kwamba haonekani kwa sababu ana akili ya kujificha. Ikatae. Chui huishi jirani na vijiji kwa miaka bila kuonekana, wala hatusemi kwamba anafikiri kama mtu. Tena, hoja inayougeuza ukosefu wa ushahidi kuwa ushahidi haiwezi kupimwa kwa njia yoyote.

Badala yake, uliza juu ya kazi ya mikono. Masimulizi humtaja Bigfoot akigonga miti na kurusha mawe, mambo ambayo sokwe mtu nao huyafanya. Mwaka 1960, huko Gombe, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona sokwe mtu akichomeka unyasi katika kichuguu, akautoa ukiwa umejaa mchwa, akawala. Wengine aliwaona wakinyambua majani ya kijiti kwanza ili kifae kwa kazi hiyo. Bigfoot wa masimulizi niliyoyasoma hata hapo hajafika, na moto hana.

Mwisho, linganisha na mtoto badala ya mtu mzima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watoto wa miaka miwili na nusu walilingana na sokwe mtu katika kutambua mahali na idadi ya vitu, lakini waliwaacha mbali katika kujifunza kwa kumtazama mwenzao. Basi tafuta simulizi linalomwonyesha Bigfoot mmoja akimfundisha mwingine jambo.

Kwa masimulizi yaliyopo, mimi humwekea chupa ya nusu lita. Atakayeniletea kutoka misitu ile jiwe lililochongwa makali na mkono wa kiumbe huyo, au jivu la moto alioukoka mwenyewe, nitamjazia kubwa zaidi.