Jinsi ya Kutuma Sampuli za Vichwa vya Pakiti kwa sFlow

Mwongozo huu unamlenga msimamizi wa mtandao ambaye tayari ana swichi inayofanya kazi na seva ya Linux, na anayetaka kujua ni trafiki ipi inayojaza njia zake bila kulazimika kunakili pakiti zote. Ninatumia sFlow (itifaki ambayo swichi hutumia kuchukua pakiti chache kama sampuli na kutuma mwanzo wa kila moja, yaani vichwa vyake, kwa seva) toleo la 5, lililotolewa mwaka 2004, juu ya Open vSwitch, swichi ya programu. IPFIX, itifaki nyingine ya kutuma taarifa za trafiki, nayo inaweza kubeba vipande vya pakiti, lakini mimi hupendelea sFlow kila ninapotaka kukiona kichwa chenyewe badala ya muhtasari ulioandaliwa ndani ya swichi.

Hatua ya 1: Mpokeaji. Sakinisha sflowtool, programu ya kupokea na kusoma sampuli za sFlow, kwenye seva na uruhusu UDP iingie kupitia poti 6343.

Hatua ya 2: Kiwango cha sampuli. Kwa kiungo cha gigabiti 1, anza na pakiti moja katika kila 1,000. Usahihi hutegemea idadi ya sampuli zilizopatikana, si sehemu ya trafiki iliyochunguzwa: kwa uhakika wa asilimia 95, kosa kwa asilimia halizidi 196 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli za aina hiyo ya trafiki. Sampuli 10,000 zinatosha kushusha kosa chini ya asilimia 2.

Hatua ya 3: Usanidi wa swichi. Hapa `10.0.0.50` ni anwani ya seva, na `br0` ni daraja la Open vSwitch.

`ovs-vsctl -- --id=@s create sFlow agent=eth0 target=\"10.0.0.50:6343\" header=128 sampling=1000 polling=20 -- set bridge br0 sflow=@s`

Hatua ya 4: Urefu wa kichwa. Baiti 128 zinatosha kwa mitandao mingi. Ukitumia VXLAN, ambayo hufunga fremu nzima ya Ethernet ndani ya pakiti ya UDP, piga hesabu kwanza: vichwa vya nje vya Ethernet, IPv4, UDP na VXLAN huchukua baiti 50, na vya ndani vya Ethernet, IPv4 na TCP huchukua 54, jumla 104. IPv6 ikiwa nje na ndani, jumla inafika 144, na kichwa cha TCP cha ndani kitakatwa. Hata hivyo, usiongeze urefu bila sababu. Pakiti ya kawaida ya TCP juu ya IPv4 ina vichwa vya baiti 54, kwa hiyo zinazobaki hadi 128 ni maudhui ya watumiaji, nazo husafiri kwa UDP bila kufichwa. Zipitishe kwenye mtandao wa usimamizi pekee.

Hatua ya 5: Kuhesabu baiti. Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa sababu makosa yake hayatoi onyo lolote; grafu hutokea nzuri, ila ni ya uongo. Kila sampuli ina urefu wa aina mbili. sflowtool huonyesha `headerLen`, yaani baiti zilizonakiliwa, na `sampledPacketSize`, yaani ukubwa wa pakiti nzima kabla haijakatwa. Anayejumlisha ule wa kwanza ataona pakiti za baiti 1,500 kana kwamba ni za 128. Zidisha ule wa pili kwa `meanSkipCount`, ambacho ndicho kiwango cha sampuli kilichoandikwa ndani ya datagramu yenyewe. Usichukue namba ya Hatua ya 2 ukaiweka kwenye msimbo wako, maana swichi inaweza kutumia kiwango tofauti kwa kila kiolesura, na mtu mwingine anaweza kukibadilisha kesho bila kukuambia.

Tazama pia `dropEvents`, yaani idadi ya sampuli zilizotupwa. Ikiongezeka, swichi inashindwa kuhimili kasi ya sampuli, na makadirio yako yatakuwa madogo kuliko hali halisi. Dawa ni kuchukua sampuli kwa nadra zaidi. Datagramu zikipotea njiani, namba za mfuatano zitaacha mapengo. Hapo gawanya ongezeko la `samplePool` (hesabu ya pakiti zote ambazo zingeweza kuchukuliwa sampuli) kwa idadi ya sampuli zilizokufikia, upate kiwango halisi cha kuzidishia.

Kosa jingine ni kuchukua sampuli wakati pakiti inaingia na tena inapotoka, kisha kujumlisha zote. Mimi huchagua upande wa kuingia kwenye violesura vyote, na kila pakiti huhesabika mara moja kwa kila swichi.

Hatua ya 6: Uhakiki. Amri `sflowtool -t | tcpdump -r -` itaonyesha vichwa vinavyofika. Kisha linganisha makadirio yako na vihesabuzi vya kiolesura, ambavyo `polling=20` huvituma kila sekunde 20 na havitegemei sampuli. Linganisha kwa muda unaokusanya sampuli elfu kadhaa. Tofauti ikizidi kosa la Hatua ya 2, rudi kwenye Hatua ya 5.