Anza na tairi, rimu ifuate: namna ya kuchagua saizi kwa gari linalotaka kukimbia

Wanaokuja kwangu kubadilisha matairi karibu wote huanza na rimu. Wameiona mahali, wameipenda, na swali lao ni moja: hii ya inchi 19 itaingia? Mara nyingi itaingia. Lakini kazi yangu ni kufunga matairi, na ninachomwomba kila mtu ni aanze na tairi kwanza. Kinachoshika lami kwenye kona na kwenye breki ni mpira, na eneo linalogusa barabara kwa kila gurudumu halizidi sana kiganja cha mkono.

Chuchumaa kando ya gari usome ubavu wa tairi. Tuseme umekuta 205/55R16 91V. Hiyo 205 ni upana kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 55 ya upana, kama milimita 113. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni mzigo: tairi moja linabeba hadi kilo 615. V ni mwendo, mwisho kilomita 240 kwa saa. H ni 210, W ni 270. Ukibadilisha saizi, alama ya mzigo isishuke chini ya ile gari lilitoka nayo kiwandani. Tairi linaloelemewa linachemka, na tairi lililochemka kwenye mwendo mkali linapasuka.

Sasa piga hesabu, haichukui dakika mbili. Zidisha inchi za rimu kwa 25.4, kisha ongeza kimo cha ubavu mara mbili. Tairi letu lina kipenyo cha milimita 632. Ukipanda hadi 225/45R17 unapata 634, na 225/40R18 inakupa 637. Zote mbili ziko sawa, tofauti haifiki asilimia moja. Lakini 235/35R19 inafika 647, zaidi ya asilimia mbili juu: kama spidomita ilikuwa sahihi, ikionyesha 100 wewe uko zaidi ya 102, na tairi linaanza kutafuta madigadi. Mimi sipendi kuvuka asilimia mbili, juu wala chini.

Ukiniuliza nichague, kwa gari hilo nitasimama kwenye 17. Ubavu ukipungua, usukani unajibu haraka na gari haliyumbi sana kwenye kona. Faida hiyo unaipata ukitoka 16 kwenda 17. Ukiendelea kupanda, unachoongeza zaidi ni uzito, na shimo moja linaweza kukunja rimu kwa sababu ubavu uliobaki hautoshi kumeza kishindo. Rimu nzito inazichosha shokapu, inapunguza kasi ya kuondoka, na breki inapata kazi zaidi. Kwa hiyo iulize rimu uzito wake kabla ya rangi yake. Rimu ndogo kabisa inayopita breki zako bila kugusa, ikiwa nyepesi na imevaa mpira mzuri, inaweza kuishinda ile kubwa ya kung'aa.

Kwenye rimu yenyewe kuna mambo manne. Idadi ya nati na duara lake, mfano 5x114.3 (nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3), lazima vilingane kabisa. 5x112 inakaribia lakini siyo, usikubali ilazimishwe. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu (kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake), weka pete za kujazia, la sivyo usukani unaweza kutetemeka hata baada ya balansi. Upana wa rimu uendane na tairi: 225/45R17 inakaa vizuri kwenye inchi 7.5. Kisha kuna ET, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu. Ikishuka, gurudumu linatoka nje. Ikipanda, linaingia ndani. Ukitoka rimu ya inchi 6.5 ET45 kwenda 7.5 ET45, kila upande unaongezeka karibu milimita 13. Ukichukua 7.5 ET35, ndani zinaongezeka chini ya 3 tu, lakini nje karibu 23, na abiria wakikaa nyuma utasikia mkwaruzo.

Usikisie. Fungeni gurudumu moja la mbele kwanza. Zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto halafu kulia, pitisha vidole kati ya tairi na shokapu, kati ya tairi na plastiki ya madigadi, kati ya rimu na kalipa ya breki (kifaa kinachobana diski). Mahali ambapo kidole hakipiti, pachunguze vizuri gari likiwa limebeba watu.

Mpira nao una tabia zake. Namba inayofuata neno TREADWEAR ubavuni mwa tairi, ikiwa 200 mpira kwa kawaida ni laini, unashika sana na kuisha mapema. 400 na kuendelea unadumu zaidi. Matairi ya kasi ya kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, kwa hiyo anayeendesha kwenye baridi kali atafute aina nyingine. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulio ubavuni unaoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa stoo miaka mingi linang'aa kama jipya, ila mpira wake umeshazeeka.

Funga manne yanayofanana. Kama uwezo ni wa mawili tu, mapya yaende nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji wengi hushindwa kuirudisha. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne halitaki mchezo huo kabisa. Tofauti ya mzunguko inaua difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu).

Upepo upime tairi likiwa la baridi, ukianzia namba za kwenye stika ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni ni kikomo cha tairi, usijaze hadi hapo. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota, na baada ya kilomita 50 hadi 100 zirudiwe.