Bushi mpya za Mustang: kaza bolti gari likiwa limesimama kwa magurudumu

Hili nimejifunza kwa kufungua upya kazi niliyodhani imekwisha, kwenye gari la Ford Mustang la 1966. Ukiweka bushi mpya za raba (vikombe vya raba na chuma vinavyokaa kwenye viungio) kwenye amu za chini za mbele, yaani mikono ya chuma inayoshika magurudumu, na kwenye springi za majani za nyuma, bolti zizungushe kwa mkono tu, zishike. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, likandamize kila kona mpaka litulie, ndipo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kama huna nafasi ya kuingia chini, pandisha magurudumu yote manne juu ya magogo mapana. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Bomba lake la ndani hubanwa na bolti, la nje hubanwa na amu, na raba ya katikati ndiyo inayojinyonga. Ukikaza amu zikiwa zinaning'inia, raba inabaki imesokotwa muda wote gari limesimama. Itachanika mapema, na gari litakaa juu kuliko inavyotakiwa. Mimi nilishaanza kuzilaumu springi mpya bure!

Kwa bushi za poliyurethani hili halina maana: hizo huteleza juu ya bomba lake, zinataka grisi tu. Na raba iliyokwisha kupasuka, kulegeza na kukaza upya hakuifufui. Alaimenti, yaani kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, iwe ya mwisho kabisa.