Kuzibua, kulainisha, kuotesha: mitishamba kwa mgonjwa wa kiharusi

Pita Kariakoo useme nyumbani una mgonjwa wa kiharusi, utauziwa dawa kwa kitenzi kimoja kati ya vitatu: inazibua mishipa, inalainisha damu, au inaotesha mishipa mipya. Wauzaji wengi huvitumia vyote kwa mkupuo. Kwa mgonjwa ni mambo matatu tofauti, kwa hiyo kabla ya kutoa hela muulize muuzaji anamaanisha lipi.

Kuzibua ni kazi ya sindano ya hospitali inayoyeyusha donge la damu, na hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hakuna mzizi unaoifanya. Kulainisha damu ni kazi ya aspirini, klopidogreli au warfarini, ambazo huenda mgonjwa wako tayari anameza. Kuotesha ndilo jambo jipya, na ndilo linalohitaji maelezo marefu.

Mshipa wa ubongo ukiziba, sehemu moja hufa, na inayoizunguka hubaki hai lakini ina njaa ya oksijeni. Sehemu hiyo yenye njaa hutoa protini iitwayo VEGF, na mishipa midogo iliyo jirani huanza kuchipua matawi. Kazi hii huanza siku chache baada ya kiharusi na kuendelea kwa wiki kadhaa. Utafiti wa mwaka 1994 uliochunguza ubongo wa watu waliofariki baada ya kiharusi ulikuta kwamba waliokuwa na mishipa mipya mingi zaidi ndio walioishi muda mrefu zaidi. Ndiyo maana watafiti wakaanza kusaka mimea inayoweza kuchochea uchipuaji huo.

Mimea iliyochunguzwa zaidi ni ya Kichina: mzizi mwekundu wa danshen, astragalasi, notojinseng na chuanxiong. Ginkgo nayo imo. Katika panya na chembe za maabara, dondoo zake (yaani kiini kilichokamuliwa kwenye mmea) huongeza VEGF na idadi ya mishipa midogo. Lakini panya hao hupewa dondoo iliyosafishwa, mara nyingi kwa sindano. Unga wa kijiko kimoja kwenye uji ni kitu kingine kabisa.

Kwa binadamu habari ni ya kupoza moto. Vidonge vya MLC601, mchanganyiko wa dawa za asili za Kichina, vilijaribiwa kwa wagonjwa 1,099 na matokeo kutangazwa mwaka 2013: baada ya miezi 3 waliovimeza hawakuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa vidonge bandia, yaani visivyo na dawa ndani. Kilichofanya vizuri ni butilifthalidi, dawa iliyopatikana kwanza kwenye mbegu za selari na ambayo leo hutengenezwa kiwandani. Katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2023 kwa wagonjwa 1,216, waliopata matokeo mazuri siku ya 90 walikuwa asilimia 56.7, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa dawa bandia. Ila wote walipata pia matibabu ya kuzibua mshipa hospitalini, na dawa yenyewe ilianza kwa dripu ya siku 14. Selari ya kwenye supu haihesabiwi hapo.

Sasa tuingie kwenye utaratibu.

Anza na picha ya CT

Tafuta karatasi ya majibu ya CT ya kichwa. Kama imepotea, rudi hospitali alikopigwa uombe nakala. Unachotafuta ni neno moja: ni kiharusi cha kuziba au cha kuvuja damu? Nje huwezi kujua, kwa sababu mkono uliopooza na mdomo uliopinda ni vilevile. Kama ni cha kuvuja, mmea wowote unaolainisha damu ni sumu kwake, na danshen na ginkgo zimo kwenye kundi hilo. Mwaka 2024 mchanganyiko mmoja wa Kichina ulijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 wa kiharusi cha kuvuja, haukuleta faida.

Pili ni muda. Panya waliopewa VEGF saa 1 baada ya kiharusi walivuja damu zaidi kwenye ubongo. Waliopewa baada ya saa 48 waliotesha mishipa na kupata nafuu. Kitu kilekile, saa tofauti. Mshipa mchanga huvuja. Kwa hiyo ndugu anayefika wodini siku ya kwanza na chupa ya dawa mfukoni, hata kwa nia njema, mzuieni mlangoni.

Tatu, wapo wasiotakiwa kuotesha mishipa kabisa. Mwenye kisukari kilichogusa macho tayari ana VEGF nyingi kwenye retina, pazia la nyuma ya jicho, na mishipa mipya ndiyo inayompofusha. Madaktari wa macho humchoma sindano za kuizuia. Mwenye saratani naye, maana uvimbe hujilisha kwa mishipa mipya. Na kuna kichekesho hapa: manjano na chai ya kijani, ambazo huuzwa kwa wagonjwa wa kiharusi kama dawa ya mishipa, maabara huzichunguza sana kwa sababu ya kuzuia mishipa isiote.

Panga dawa zote mezani

Toa vidonge vyote kwenye mfuko, panga mezani, andika majina na miligramu. Kisha mpelekee mfamasia orodha hiyo pamoja na jina la mmea. Usiseme "dawa ya kienyeji" tu. Haya ndiyo yanayoharibika mara nyingi:

Warfarini na danshen: damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinapanda juu ya 2 hadi 3 inayotakiwa na wengi. Jinseng huelekea upande wa pili, INR inashuka na damu inaganda. Aspirini pamoja na ginkgo au vidonge vya kitunguu saumu huongeza hatari ya kutokwa damu. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Balungi huzuia utumbo kuvunja atovastatini ya kolesteroli na nifedipini ya presha, dawa zikajaa mwilini. Urukususu, mzizi mtamu uliomo kwenye chai nyingi za Kichina, hupandisha presha na kushusha potasiamu.

Kama unanunua, taka dawa iliyosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, yenye majina ya mimea yote, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga ndani ya karatasi ya gazeti uache. Unga unaoleta nafuu ya ajabu ndani ya siku 2 uuogope zaidi: baadhi huchanganywa na steroidi. Dalili zake ni uso kuvimba, njaa isiyoisha, sukari na presha kupanda.

Kumpa

Kosa linaloua halihusiani na mmea. Ni kummiminia kikombe mgonjwa aliyelala. Kiharusi hulegeza koo, na dawa ikiingia mapafuni inaleta nimonia. Mketishe wima kabisa, awe macho. Mpe maji matupu kijiko cha chai kimoja, subiri ameze, mwambie aseme "aaa". Rudia mara 3. Akikohoa, sauti ikawa kama ina maji ndani, au mate yakachuruzika, acha. Asipewe kitu cha kunywa mpaka apimwe kumeza hospitalini. Akifaulu, mpe taratibu na abaki ameketi nusu saa. Unga mkavu usimlambishe kamwe.

Mmea mmoja kwa wakati mmoja, wiki 2 kabla ya kuongeza mwingine. La sivyo hutajua kipi kimemdhuru. Pima presha asubuhi na jioni kwa mkono mzima, si uliopooza, baada ya kukaa kimya dakika 5, mara 2 kwa tofauti ya dakika 1. Andika. Mwenye warfarini arudie INR ndani ya wiki ya kwanza.

Kama unataka mmea wenye ushahidi wa kweli kwa binadamu, chukua choya. Hauoteshi chochote, unashusha presha, na presha ndiyo inayorudisha kiharusi. Kipimo kilichojaribiwa ni gramu 1.25 za maua makavu kwenye mililita 240 za maji yaliyochemka, dakika 6, mara 3 kwa siku. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7 ndani ya wiki 6. Bila sukari, na vidonge vya presha visiachwe.

Miguu

Kwa panya, kinachoongeza VEGF na mishipa bila kuhitaji dondoo ni kutembea kwenye mashine. Kwa mgonjwa wako anza pale daktari anaporuhusu. Kuanza kumtoa kitandani mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kulionekana mwaka 2015 kupunguza matokeo mazuri. Baadaye, dakika 5 mara 3 kwa siku barazani, ukipanda taratibu kuelekea dakika 30. Dar ni joto: kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mchanga wa ufukweni uache, mguu unaoburuta hujikwaa. Simama upande dhaifu, mfunge kanga kiunoni na ushike hapo. Usimvute mkono uliopooza, bega litateguka. Presha ikizidi 180 kwa 110, siku hiyo apumzike na daktari apigiwe.

Kinyesi cheusi, mkojo mwekundu au fizi zinazotoka damu: acha mmea, nenda hospitali leo. Kichwa kinachouma ghafla kama kupigwa, kutapika, mdomo kupinda upya au maneno kuchanganyika: usimpe chochote mdomoni, andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, beba ile orodha ya dawa, na gari liondoke.