Ukitaka kujua kama mtoto anarefuka, anza na viatu

Kila Januari kibanda changu cha ushonaji hapa Ngamiani, Tanga, hujaa wazazi wenye lawama moja: "Fundi, ulimbana mtoto." Suruali ya mwaka jana imesimama juu ya vifundo kama ya mtu anayevuka maji. Huwa sibishani. Nafungua daftari la vipimo, nampima mtoto mbele yao, tunalinganisha. Kitambaa hakijanywea, mtoto ndiye aliyerefuka.

Mtoto wa shule ya msingi huongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, taratibu, hata mama haoni. Kisha inakuja ile miaka miwili mitatu ya mbio. Wasichana wengi hufika kilele wakiwa na miaka 11 au 12, na mwaka huo huweza kuongeza sentimita 8 hivi. Wavulana huchelewa, wengi miaka 13 au 14, lakini wakianza hupita hapo, 9 na hata 10. Ndiyo maana darasa la sita wasichana wanawaangalia wavulana kwa juu, na wavulana wananiomba niwawekee soli nene, kana kwamba mimi fundi viatu.

Sasa, anza na viatu. Hili nililijua kwa aibu. Mwanangu wa pili akiwa na miaka 13 nilimnunulia viatu namba 39 shule zilipofunguliwa. Aprili havimwingii. Nikamgombeza, nikidhani anavikanyaga visigino makusudi. Mwezi huohuo akavunja bilauri tatu, na birika la chai akalimwaga mbele ya wageni. Nikamuuliza kama mikono ile ameikodi. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenikalisha kitako: nyayo na viganja hutangulia, halafu miguu na mikono, kiwiliwili kinafuata nyuma. Mtoto bado anautumia mwili wa mwezi uliopita. Ananyoosha mkono kushika bilauri, mkono unafika kabla hajautarajia. Basi viatu vikibana ghafla ilhali suruali bado inatosha, kaa tayari. Suruali itafuata, halafu mikono ya shati, na mabega na urefu wa shati mwishoni kabisa. Usishone shati kubwa na suruali kubwa siku moja, utalipia kitambaa cha bure.

Nyumbani mpime ukutani kila baada ya miezi mitatu. Peku, visigino na mgongo viguse ukuta, macho mbele. Weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa, kibane ukutani, piga alama ya penseli na uandike tarehe. Ukianza kumpima asubuhi, siku zote mpime asubuhi, kwa kuwa jioni mtu hupungua karibu sentimita nzima. Mara moja mteja aliniletea vipimo vya jioni akalia kwamba mtoto anarudi chini.

Akina mama wa mabinti nao wana kosa lao. "Fundi, huyu ndiyo kwanza amevunja ungo, acha pindo refu." Hapana, mama. Binti akivunja ungo kilele kimeshapita. Wengi huongeza sentimita 5 mpaka 7 tu baada ya hapo. Pindo refu lilihitajika miaka kama miwili nyuma, matiti yalipoanza kuchomoza.

Kukadiria urefu wa mwisho, jumlisha urefu wa baba na mama kwa sentimita. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, halafu gawa kwa mbili. Baba 170, mama 158: mvulana kama 170 na nusu, msichana 157 na nusu. Ni kadirio tu, linaweza kukosea hata sentimita 8 huku au kule.

Chakula wataomba wenyewe, mpaka sufuria utaificha. Wape uono au dagaa wazima na miba yake, maziwa, maharage, na mchicha wenye ndimu, kwa kuwa ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi isubiri, isinywewe pamoja na chakula. Usingizi uwe wa muda wa saa 9 au 10 kila usiku, maana homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi mtoto akiwa amezama usingizini. Simu ilale chumba kingine. Hapo nami bado napigana.

Maumivu ya goti, pale kwenye kinundu chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, ni ya kawaida kwa wacheza mpira wa umri huu. Punguza mazoezi, weka barafu. Lakini mguu mmoja tu ukiuma kila siku, akichechemea, pakivimba au akipata homa, mpeleke kwa daktari.

Na kuna jambo ambalo fundi huliona kabla ya mzazi: sketi iliyokatwa sawa ikining'inia upande, au bega moja la shati likikaa juu. Mwambie mtoto ainame mbele kama anayetaka kugusa vidole vya miguu, usimame nyuma yake. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, huenda uti unapinda, na miaka hii ya mbio ndiyo unapozidi haraka. Wawili nimewaambia wazazi wao wawapeleke hospitali ya Bombo. Sikushona kwanza.

Nendeni pia hospitali kama dalili za kubalehe zimeanza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, au hazijaonekana kabisa binti akitimiza 13 na kijana 14.

Ukija kwangu, njoo na mtoto mwenyewe, usilete suruali ya kaka yake kama kipimo, na umvalishe viatu anavyovaa sasa. Kwa aliye kwenye mbio naacha pindo la inchi tatu, nalishona kwa mkono, uzi mlegevu. Juni unalifumua mwenyewe kwa wembe, unapiga pasi yenye maji na siki kidogo ule mstari wa zamani. Hutoki Makorora kuja kulipa tena.